Mpe Kiti Kwanza, Kisha Umkatalie

Vijana wa uhasibu, mliniomba nikiondoka niwaachie mawaidha kidogo, mkadhani nitaandika ukurasa mmoja niende zangu. Poleni. Mtu aliyefungwa mdomo na hesabu za mwisho wa mwezi maisha yake yote, akipewa nafasi ya kusema, hasemi kidogo. Habari za vyeo sitazigusa, maana nilipanda polepole kama mama mjamzito anayepanda ngazi za ghorofa. Mshahara wangu mnaujua, nyinyi ndio mliokuwa mkiuandika. Nitasema habari ya intaviu. Nimekaa pande zote mbili za ile meza, na nimeona watoto wetu wa Eastlands wakianguka pahali pamoja, kwa sababu moja, na sababu yenyewe si ujinga.

Mimi nililelewa hukohuko Eastlands, mtaa wa Makongeni, kwenye nyumba za reli. Baba alikuwa karani wa reli, mtu wa kupiga nguo pasi mpaka mkunjo ungeweza kukata mkate. Kiwanda cha magodoro huko Industrial Area kiliponiita, haikuwa intaviu yangu peke yangu, ilikuwa ya laini nzima ya nyumba zetu. Jirani mmoja alileta viatu, vikubwa kidogo, tukajaza magazeti mbele. Mwingine alileta mkoba usio na kitu ndani ili nisionekane mikono mitupu. Mchungaji alikuja akaomba mpaka chai ikapoa. Baba alinipigia sketi pasi mwenyewe, kwa sababu hakumwamini mtu mwingine na makaa. Na mama, Mungu amrehemu, akanipa neno la mwisho mlangoni: "Wakubwa wakisema, wewe itikia. Usijibujibu watu."

Basi nikaenda nikaitikia. Waliniuliza hili nikaitikia, wakaniuliza lile nikaitikia. Halafu mzee mmoja mfupi, kalamu mbili mfukoni na ya tatu nyuma ya sikio, akainama mbele. Huyu alikuwa Bwana Oduori, mhasibu mkuu. Akaniuliza, "Mimi ni mkubwa wako. Nimekuletea risiti ya petroli ya lori ambalo liko gereji, halijatembea. Nakwambia uiandike. Utafanya nini?"

Jamani, nilikwama. Kukataa amri ya mkubwa sikuwa nimefunzwa. Kuandika uongo pia sikuwa nimefunzwa. Nikasema lililokuwa karibu: "Nitamwuliza baba."

Wale wengine wawili walicheka mpaka mmoja akavua miwani. Bwana Oduori hakucheka. "Na baba atasema nini?"

"Atasema hapana."

"Sawa. Jumatatu njoo uanze. Lakini baba tutamwacha nyumbani."

Siku za kwanza nilizijua kwa vumbi. Vumbi la sponji lilipanda ngazi kutoka kiwandani likatukuta ofisini, likaingia kwenye nywele, kwenye mandazi, kwenye ile mashine ya kujumlisha ya kuvuta mkono iliyokuwa ikitema karatasi kama ulimi. Bwana Oduori alinifundisha kujumlisha mara mbili, mara ya kwanza kushuka, mara ya pili kupanda kutoka chini, kwa sababu jicho likipita njia ileile hulizoea kosa na kulisalimia. Alinifundisha kutopiga muhuri wa kulipa kabla sijala kitu, maana mwenye njaa hupiga haraka. Kompyuta zilipokuja baadaye tuliambiwa makosa yamekwisha. Aka! Yaliongezwa mwendo tu.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa kukataa. Meneja wa usafiri aliingia siku moja na risiti zake za petroli, amesimama, sauti juu, kidole hewani. Bwana Oduori aliinuka, akamvutia kiti. Akaagiza chai. Akauliza mtoto aliyekuwa na surua anaendeleaje. Yule bwana alipoketi na kikombe mkononi, Bwana Oduori akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hii sitaipitisha." Meneja alimaliza chai yake akaenda. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya mashine.

"Umeona?" akaniambia. "Mkubwa mpe kiti kwanza. Mtu aliyekaa, na kikombe mkononi, atarusha nini? Halafu sema hapana kabla hujaeleza sababu. Ukianza na sababu, atajadili sababu. Na usianze na samahani, maana hujakosea kitu. Unakataa jambo, humkatai mtu."

Zamu yangu ilikuja, tena kutoka upande ambao sikuutarajia. Mkuu wa stoo alikuwa Mzee Barasa, jirani yetu wa Makongeni, mtu aliyeniita mwanangu hata mbele ya wakurugenzi. Alitaka nitie sahihi kwamba kitambaa cha kushonea magodoro kimefika, na kitambaa bado kilikuwa njiani kutoka Mombasa. Si wizi, alitaka mwezi wake ufungwe vizuri tu. Nikampa kiti. Nikampa chai, nusu yake nikaimwaga kwenye kisahani. Nikasema, "Mzee, hii sitaitia sahihi."

Akanitazama. "Nafula. Mimi nilikuona ukitambaa."

"Ndiyo, Mzee. Na kitambaa bado sijakiona."

Aliondoka bila kwaheri. Nyumbani mama akanuna, kwa kuwa habari ilifika Makongeni kabla yangu. Kitambaa kilifika siku chache baadaye, sahihi nikatia, lakini salamu za Mzee Barasa zilichelewa kuliko kitambaa. Iliniuma sana, sitawadanganya. Kanisani nilikuwa nakaa nyuma ili tusikutane mlangoni. Mwishowe alinisalimia kwenye harusi, akaniletea soda mwenyewe, na jambo lenyewe hatukulitaja tena.

Miaka ikaenda, nikahamia upande ule mwingine wa meza. Hapo ndipo nilipowajua watoto wetu. Wanakuja wamenyooka, viatu vinang'aa, CV zimechapwa kwenye saiba moja, duka la intaneti la pale Umoja, kwa hiyo wote wanatafuta mazingira yenye changamoto, na wote wanapenda kusoma na kukutana na watu wapya. Mazingira yenye changamoto tunayo tele, njoo tu mwisho wa mwezi. Ukiwauliza udhaifu wao, wanasema wanafanya kazi kupita kiasi. Haya yote huwa nayasamehe. Halafu nawauliza swali la Bwana Oduori, la petroli na lori lililo gereji.

Na hapo ndipo wale waliolelewa vizuri zaidi wanapoanguka. Mtoto wa mzee wa kanisa, mtoto aliyefunzwa kupokea kwa mikono miwili na kutomtazama mkubwa machoni, anainamisha kichwa na kusema, "Nitafuata maagizo ya mkubwa wangu." Nami naandika sifuri huku moyo unaniuma, maana najua mama aliyemfunza, hata kama sijawahi kumwona. Wapo wanaokataa haraka na kwa kelele. Hao nao huwa nawatilia shaka, lakini hiyo ni habari nyingine.

Sasa niwaambie habari ya Mwende, kwa sababu ndiye aliyenifanya nikae chini niandike.

Nilipostaafu nilibaki nyumbani kwangu Mowlem, katika lile jengo letu ambapo nguo za wa juu hudondokea wa chini. Jirani yangu wa mlango wa pili ni Mzee Mutua, mchongaji vinyago, mtu wa Ukambani, mzee wa kanisa, asiye na maneno mengi. Vinyago siku hizi vinanunuliwa kwa shida. Binti yake, Mwende, alikuwa amemaliza mitihani yote ya uhasibu na kupita, na kila intaviu aliyokwenda walimwambia, "Tutakupigia." Nyinyi mnajua simu hiyo inavyopigwa.

Mama Mwende alinijia na bakuli la pojo, akaketi, akalia kabla hata ya salamu kuisha. Mume wa dada mkubwa wa Mzee Mutua ni wakala wa kupeleka wasichana Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Alikuwa ameshatengeneza pasipoti ya Mwende. Nafasi ilikuwepo, na Ijumaa alitaka jibu. "Na babake?" nikauliza. "Babake amesema sawa. Mwende naye amesema sawa. Auntie Nafula, katika nyumba hiyo kila mtu amesema sawa, na hakuna anayekula." Siku ya Jumatano kulikuwa na intaviu moja, kampuni ya kuuza dawa za mifugo. Ndiyo iliyokuwa imebaki kabla ya Ijumaa.

Nikamwita msichana. Nikampa hesabu, akazifanya vizuri kuliko wengine wenu, na mtanisamehe. Nikamwuliza swali la petroli. Akatazama sakafu. "Nitafuata maagizo."

"Mwende, mwaga hiyo chai yako."

Akainuka, akaenda kwenye sinki, akamwaga. Chai nzima, na ilikuwa ya tangawizi.

"Kwa nini umeimwaga?"

"Si umesema, Auntie."

"Haya. Nipe namba yako ya siri ya simu."

"Ni nne, moja..."

"Nyamaza, mtoto wewe! Nyamaza!" Nikaziba masikio.

Nilifikiri labda neno hapana hana kabisa. Lakini jioni hiyo nilimsikia barazani akiongea na rafiki yake kwenye simu, kwa ile Sheng yao ambayo hata mimi mtoto wa Makongeni hunipita kushoto. "Zii! Siendi huko mimi! Nimekataa, wacha kunisumbua, manze!" Sauti ilifika mpaka kwa muuza makaa. Wacha wee! Kumbe hapana anayo, tena kubwa. Anaiweka tu chini akikutana na mtu mzima.

Kesho yake tukaanza upya. Nikamfundisha kiti, chai, hapana kabla ya sababu, hakuna samahani. Nikawa mkurugenzi, nikawa meneja, nikawa mchungaji. Kila mara alianza vizuri, akaishia "sawa, Auntie." Nikakasirika, kwa kweli, nikamwona kama ananipotezea siku. Mwishowe nikachukua karatasi nikamsukumia. "Andika hapa kwamba baba yako ameuza vinyago vyote wiki hii, halafu utie sahihi."

Akaichukua kalamu. Akaitazama. Akaiweka chini.

"Hapana, Auntie."

"Nimesema andika."

"Hapana. Baba hajauza hata kimoja. Sitaandika." Na machozi yakamtoka, lakini macho yalikuwa yananitazama usoni. Mimi nami nikalia, hivyo tukawa wahasibu wawili tunaolia juu ya karatasi isiyo na kitu. Nikamwambia, "Basi ndiyo hiyo. Iweke pahali utakapoiona."

Jumatano alirudi amekunja uso. Swali lilikuwa limeulizwa, si petroli, ni dawa zilizokwisha muda ambazo mkubwa anataka ziandikwe ni mpya.

"Ukasema nini?"

"Nilisema hapana. Lakini kabla ya hapo nilisimama nikampa mwenyekiti kiti changu."

"Yeye alikuwa amesimama?"

"Alikuwa amekaa, Auntie."

Nikashika kichwa. "Halafu?"

"Wakasema watanipigia."

Nitawaambia mapema ili msikae roho juu: kazi aliipata. Yule mwenyekiti alimwambia baadaye kwamba hajawahi kukataliwa kwa adabu namna ile. Lakini simu hiyo ilikuja wiki iliyofuata. Ijumaa hakuna aliyeyajua haya. Ijumaa Mwende alikuwa na pasipoti mezani, wakala anangoja, na mfukoni hana kitu ila lile neno moja alilojifunza kwangu.

Alikuja kwangu baada ya chakula cha mchana. "Auntie, twende uniongeleshee Baba."

"Hapana," nikasema. Akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza wiki ile. "Nitakuja nikae. Kuongea utaongea wewe."

Tulimkuta Mzee Mutua amesimama dirishani akipiga msasa kwato ya kinyago cha twiga, na vumbi la mti limemjaa mikono. Mama Mwende alikuwa jikoni, lakini sufuria zilikuwa kimya kabisa, kwa hiyo nilijua anasikiliza. Mwende alimvutia babake kiti. Akamletea chai. Mzee akaketi, akashangaa kidogo, akanitazama mimi. Mimi nikatazama kalenda ya kanisa ukutani kana kwamba sijawahi kuona kalenda.

"Baba, siendi Uarabuni."

Mzee Mutua aliweka kikombe chini. "Umesemaje?"

"Nimesema siendi. Nakuheshimu, Baba, na sitaenda. Nilisomea uhasibu, na ndio nitakaofanya. Hawa wa dawa wasipopiga, nitaomba kwingine. Nikikosa kwingine nitasaidia kupiga msasa hapa. Lakini sitaenda."

Nilikuwa nimekaa na mikono imebana magoti. Nawaambia ukweli, nimemkatalia mkurugenzi mbele ya wakaguzi na sikuogopa vile. Heshima si utumwa, wazee walisema, lakini hawakusema kwamba moyo hautadunda.

Mzee aliuliza, "Nani amekufundisha kunijibu hivi?"

Sasa leo nafukuzwa Mowlem, nikawaza. Lakini kabla Mwende hajajibu, simu ya mzee ikalia mezani. Sote tuliona jina. Alikuwa yule shemeji, wakala.

Mzee Mutua aliitazama simu ikilia mpaka ikakaribia kukata. Halafu akaipokea. Akasikiliza. Akajifuta vumbi usoni kwa mkono uleule wenye vumbi.

"Ndiyo, shemeji. Hapana. Amekataa." Akasikiliza tena, muda mrefu, na sauti ya upande ule tuliisikia ikipanda. "Usije kuongea naye. Hapana, shemeji. Mimi pia nimekataa." Akakata simu, akaiweka kifudifudi juu ya meza, polepole sana.

Mama Mwende alitoka jikoni akasimama mlangoni, leso mdomoni. Mwende akapiga magoti mbele ya kiti. "Baba, umenikasirikia?"

Yule mzee asiye na maneno aliweka mkono juu ya kichwa cha mtoto wake.

"Yule ni mume wa dada yangu, Mwende," akasema. "Mimi ningemkatalia vipi? Tangu alete hiyo pasipoti nimekuwa nikiomba Mungu, mtu mmoja tu katika nyumba hii aseme hapana."